Mfarishi wa Mabaki

Imeenea dhana, hasa miongoni mwa watu walioujua mfarishi wa viraka kwanza kwa picha za majarida ya ng'ambo, ya kwamba kazi hii ni pumbao la mabibi wenye nafasi, wakaao katika vyumba vya mwanga mwema mbele ya cherehani za umeme zenye thamani ya pikipiki, wakikata vipande vya vipimo sawasawa kutoka katika majora ya pamba waliyoyanunua makusudi yakatwe. Dhana hiyo si uongo mtupu, kwa kuwa mabibi hao wapo, na maduka yawahudumiayo yapo, na bei za maduka hayo humtoa mtu jasho. Lakini yule aliyenunua jora zima, zuri, lisilo na dosari, ili alikatekate kisha ajitaabishe kuliunga upya, amekuja mwisho kabisa katika historia ya sanaa hii, na mtu wa kipato kidogo amtazamaye yeye akidhani kwamba huko ndiko mlango ulipo, hujifukuza mwenyewe kabla hajabisha hodi.

Kwani mfarishi wa viraka, aghalabu ya mahali ulipozuka, ulizuka kwa watu ambao kwao nguo ilikuwa adimu kiasi cha kutotupwa hata ikichakaa, nao uzuri wake ulitokana na kulazimika kukitumia kilichopo, kwa rangi kilichonayo na kwa umbo kilichobaki nalo. Nchini Marekani, katika miaka ya dhiki ya 1930, wasaga unga walipotambua kuwa wake wa wakulima huyafumua magunia ya pamba wakayashona magauni na mifarishi, waliyachapa maua, wakijua vyema kwamba bibi wa nyumba ndiye atakayeamua unga wa nani uingie jikoni mwake. Na katika nchi hiyohiyo, kwenye pindo moja la mto Alabama liitwalo Gee's Bend, wazao wa watumwa wa shamba la pamba, ambao wengi wao hata leo huitwa Pettway kwa jina la bwana aliyelimiliki shamba hilo katika karne ya 19, waliishi katika nyumba za mbao ambazo upepo ulipenya katikati ya ubao na ubao, na kwa hiyo wanawake wao walishona mifarishi kwa suruali za kazi zilizotoboka magotini, kwa magunia ya mbolea, na kwa pamba iliyofagiwa sakafuni mwa kinu cha kuchambulia. Mwaka 1942, Missouri Pettway, alipofiwa na mumewe, alizichukua nguo alizokuwa akilimia marehemu, akazishona mfarishi apate kujifunika nao na kumkumbuka. Katika mifarishi ya namna hiyo huonekana bado, juu ya buluu iliyopauka kwa jua, alama za mraba za rangi iliyokoza pale ambapo mifuko ilibanduliwa, na hapana mchoraji awezaye kuzibuni alama hizo, kwa kuwa zimechorwa na miaka ya jembe.

Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilitundikwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Houston, kisha ikapelekwa katika makumbusho ya Whitney huko New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu zenye picha zake. Wahakiki waliifananisha na michoro ya mabingwa wa sanaa ya kisasa, wakidhani wanawapa sifa wanawake wale. Nami naona kwamba sifa hiyo ilikuwa ya wachoraji.

Kwa msomaji wa pwani yetu, hata hivyo, uko mfano mwingine ulio karibu zaidi kwa nasaba, ingawa bahari nzima iko katikati. Katika misitu ya wilaya ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka, kusini-magharibi mwa India, wanaishi watu waitwao Masiddi, ambao asili yao ni Afrika, na ambao wengi miongoni mwao ni wazao wa watu waliovushwa kutoka pwani ya mashariki ya bara hili na kufikishwa Goa kwa mikono ya Wareno, ambako waliopata mwanya walitoroka wakajificha porini. Wapo Waislamu, Wahindu na Wakristo kati yao. Husema Kikonkani, Kikannada na Kiurdu. Na mwaka 2003 Serikali ya India iliwatia katika orodha ya makabila yanayostahiki himaya maalumu ya sheria. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi, na mwanachuoni wa Kimarekani Henry John Drewal, aliyewaendea akaishi nao na kuandika habari zao, ameeleza jinsi kazi hiyo ifanywavyo kwa nguo kuukuu tupu, bila ya kununuliwa kitu zaidi ya uzi.

Njia yao yastahili kuelezwa kwa utuo, maana sijaona nyingine impasayo mtu wa mfuko mwepesi kuliko hiyo. Hutandikwa kwanza nguo pana iliyochoka, mara nyingi sari, iwe ndiyo bitana. Na mshonaji, akiisha kuketi chini na kunyoosha miguu, huanza katika mojawapo ya ncha zake nne, akaukunja ukingo wa bitana na ukingo wa kiraka cha kwanza vikaelekeana ndani kwa ndani, akapiga bandi pembezoni. Kiraka cha pili hupandishwa juu ya ukingo mbichi wa kile cha kwanza, nacho ukingo wake umekunjwa chini usichambuke. Cha tatu juu ya cha pili. Na hivyo huendelea akiuzunguka mfarishi mzima, mzunguko ndani ya mzunguko, huku bandi zikienda safu kwa safu, baina ya safu na safu upana wa kidole, hata kiraka cha mwisho kije kuliziba tundu lililobaki katikati. Akitaka uwe mzito huingiza baina ya bitana na viraka nguo nyingine iliyotoboka, ambayo hapana atakayeiona tena. Na pembe nne zikitimia hutiwa phula, yaani maua, ambayo ni vipande vya mraba vilivyokunjwa pembetatu na kupandishwa kimoja juu ya kingine. Kwani kwa Masiddi kawandi isiyo na maua hayo ni kama iliyo uchi, na mshonaji mwenye haya hawezi kuitoa mbele ya watu.

Tazama basi kilichokosekana hapo. Hakuna cherehani, hakuna meza, hakuna fremu ya mbao ya kuwambia nguo, hakuna pamba ya kununua, wala hakuna kazi mbili, ile ya kuunga viraka kwanza kisha ile ya kuyashikiza matabaka, ambayo huwachosha wanaofuata njia ya Kizungu. Maana katika kawandi sindano ileile inayounga ndiyo inayoshikiza, na mtu akiiacha kazi kwa mwezi mzima kwa sababu ya mavuno au mgonjwa, ataikuta pale alipoiacha, haijaharibika. Mwanamke wa pwani aliyelelewa akiona ukili ukisukwa, kisha ukishonwa mshazari kwa mshazari hata ukawa mkeka, hataiona kazi hii kuwa ngeni. Hata khanga yenyewe, kama isimuliwavyo, ilianza kwa kuunga: wanawake wa Unguja na Mombasa wa karne ya 19 walinunua leso zikiwa bado hazijatenganishwa, wakaziunga tatu juu na tatu chini zikawa nguo moja ya kujitanda, kabla wafanyabiashara hawajang'amua na kuagiza nguo iliyochapwa nzima kwa mtindo huo.

Kitambaa basi kitoke wapi? Kwa fundi, bila shaka. Mjini Tanga, katika mitaa ya Ngamiani ambayo barabara zake hutajwa kwa nambari, baraza nyingi zina cherehani mbili au tatu, na chini ya kila moja kuna kikapu au gunia. Nilimwendea mmoja wa mafundi hao, mtu mzima wa makamo ya baba yangu, jioni alipokuwa akifunga kazi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nguo?"

"Hapana, mzee wangu, leo nimekuja kuomba. Hivi vipande vya chini unavifanyia nini?"

"Hivi? Huja watu wa mito wakavichukua wakajazia, na visipochukuliwa huwashia moto." Akalisogeza gunia kwa mguu. "Chagua utakacho. Lakini hizi zinazovutika ziache, na hizi za kuteleza ziache, zitakutesa bure."

Nasaha hiyo ilikuwa na thamani kuliko gunia lenyewe. Gauni moja la kitenge humwachia fundi vipande ambavyo kila kimoja chaeleza kilikotoka: hilali ya shingo, pembetatu mbili za kwapa, na ukanda mrefu wa pembeni ambao huvishinda vyote kwa manufaa, maana ni mnyoofu na haukukatwa mshazari. Pindi mtu anapozoea kuvitazama, huanza kuwajua wateja wa fundi wasiomjua yeye, akasema huyu alishonesha sare ya harusi na huyu ana binti wa shule. Vipande vya sare ndivyo vya kusubiriwa, kwa sababu fundi apatapo kazi ya magauni kumi na mawili ya kitenge kimoja, mabaki yake hutosha kuupa mfarishi mzima rangi moja ya kuongoza, na pasipo rangi ya kuongoza jicho hutangatanga likachoka. Sheria hii, ya kuchagua rangi moja iliyopatikana kwa wingi na kuirudia hapa na pale, ndiyo pekee ninayoishikilia katika mambo ya urembo. Mengineyo kila mtu na macho yake.

Chimbuko la pili ni nyumbani. Khanga huchakaa katikati, pale pakaliwapo na pafungwapo, na pindo lake hubaki na nguvu miaka baada ya mji wake kuwa kama chandarua. Kwa hiyo iinuliwe mbele ya dirisha, na kila papitishapo nuru kwa urahisi paachwe, na panapoizuia pachukuliwe. Mashati ya mtumba ya pamba, yaliyokwisha kola na vikwapa, hutoa mgongo mzima ulio mpana na laini. Shuka kuukuu huwa bitana. Jambo moja tu la kuhadhari ni kutokishona kitambaa kipya kigumu ubavuni mwa kilichodhoofika, kwa kuwa katika kufuliwa chenye nguvu hukivuta kilicho dhaifu mpaka kikichane, na kiraka kitatakiwa juu ya kiraka kabla ya mwaka kupita.

Vitenge vingi vya siku hizi havina pamba hata chembe, na wauzaji hawasemi, au hawajui. Uchomolewe uzi mmoja uwashwe kwa kiberiti: wa pamba huungua kama karatasi ukaacha jivu jepesi linalopukutika vidoleni, ilhali wa plastiki huyeyuka na kujikunja kuwa kishanga kigumu cheusi. Siusemi huu wa pili kuwa haramu, ila pasi ya moto itaukunyanza, na mtu aliyelala juu yake usiku wa Machi ataujua bila ya kiberiti. Nyekundu na buluu nzito zifuliwe peke yake, tena na tena, hata maji yatoke meupe, kwani mfarishi ukiisha kushonwa haufumuliwi kwa sababu ya kiraka kimoja kilichotoa rangi.

Pamba haihitaji mkasi wa kulipiwa fedha nyingi. Ikitiwa mkato mdogo pembeni kisha ikachanwa kwa mikono miwili, hufuata uzi wake yenyewe na kunyooka kuliko rula. Na sauti yake, kwa anayeipenda kazi hii, ni katika raha zake. Asiyeamini mikono yake akate mraba kwa kadibodi ya sanduku, aufuate kwa chaki au kipande cha sabuni kilichokauka. Pindo likunjwe upana wa ukucha kwa kitambaa kizima, na mara mbili ya hapo kwa khanga iliyochakaa, ambayo huchambuka.

Ambapo ubahili haufai ni katika uzi na sindano. Nimeona mifarishi ya mabaki mazuri iliyoshonwa kwa uzi wa bei ya chini kabisa sokoni, ambao hukatika ukivutwa kidogo tu, nayo baada ya kufuliwa mara chache ikafunguka mishono kana kwamba haikushonwa. Na hasara hapo ni ya majuma mengi ya mkono wa mtu. Uzi uwe wa pamba, madhubuti, nao ukatwe kwa dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, wala si zaidi, maana mrefu hujifunga mafundo na kuchakaa kwa kupita tunduni mara nyingi. Sindano ikianza kushika kutu itupwe. Kidole cha kati kivishwe kastabani, na asiye nayo akifunge kipande cha ngozi. Mkono wa chini hushikilia matabaka na kuhisi ncha inapotokeza. Wa juu hukusanya bandi nne au tano juu ya sindano kabla ya kuvuta, na kuvuta kwenyewe kuwe kwa upole, uzi ulale bila ya kukunjamana. Bandi za mwanzo zitakuwa kubwa na zitapinda. Kwa Masiddi bandi kubwa hazifichwi, nazo ndizo zinazoupa mfarishi mawimbi yale yapendwayo na macho.

Yupo atakayesema, na ana haki, kwamba mfarishi ni wa nchi za theluji na kwamba mwenye kuishi Lamu au Bagamoyo hauhitaji. Lakini mfarishi wa matabaka mawili ya khanga, usio na kitu katikati, hauzidi uzito wa shuka mbili, na kazi zake ni nyingi zaidi ya kujifunika: hutandikwa juu ya mkeka mtoto akapata pa kutambaa, hufunika kochi lililopasuka, huwekwa sakafuni wageni wanapozidi vitanda. Na tusisahau kwamba kutoka Tanga hiyohiyo mtu hupanda Lushoto kwa siku moja, akalala Usambara usiku wa Julai akitetemeka; huko, kama kwa watu wa Njombe na Limuru, tabaka la kati lahitajika, na blanketi lililotoboka linatosha kabisa. Wengine hutia sufi, kwa kuwa misufi ipo na tunda lake halina mwenyewe. Mimi siisifu sana sufi kwa mfarishi, ingawa kwa mto haina mfano, kwa sababu isiposhikizwa kwa bandi zilizosongamana hukusanyika pembeni baada ya kufuliwa, katikati pakabaki nguo tupu.

Ukiisha kuonekana mfarishi mmoja, jirani wataulizia bei. Hapo ndipo pumbao hugeuka kuwa kibarua, na mwenye kuhesabu saa zake atagundua kwamba bei ambayo jirani yuko tayari kulipa haimlipi hata ujira wa dobi. Wanawake wa jirani na Gee's Bend waliunda ushirika wao mwaka 1966, wakapokea kazi za maduka makubwa, na maduka yalitaka mifarishi iliyofanana, kila mmoja nakala ya mwenziwe, jambo ambalo hawakupata kulifanya kwao. Mwaka 1972 kampuni ya Sears iliwapa kazi ya kushona foronya za korduroi, kazi ya kurudiarudia ambayo haikuwa na la ajabu. Lakini mabaki ya korduroi ile, ya rangi ya dhahabu na ya kijani, yalichukuliwa majumbani, na mifarishi waliyojishonea wenyewe kwa mabaki hayo ni miongoni mwa ile inayotazamwa leo katika makumbusho. Kwa hiyo anayetaka kuuza na auze, ila asilifumbie macho gunia lililobaki chini ya meza.

Limesalia jambo la majina ya khanga, ambalo Masiddi na watu wa Alabama hawakuwa nalo na sisi tunalo. Maneno yale yaliyochapwa juu ya pindo ni pambo zuri, na mshonaji hushawishika kuyaacha yatokeze. Lakini khanga ikichanwa, jina lake huchanwa nayo, na nusu ya jina la khanga moja ikiangukia ubavuni mwa nusu ya jina la nyingine, hutokea kauli ambayo hapana aliyeikusudia, na ambayo yaweza kuwa tusi zito kuliko lolote lililopata kuchapwa kiwandani. Ama yakatwe yote yafichwe ndani ya mkunjo, ama jina moja liachwe zima likae ukingoni peke yake. Na mfarishi ukiwa ni zawadi ya mama mkwe, kabla haujapelekwa atafutwe mtu mwenye macho mazuri na ulimi usiohofu, ausome wote, pindo kwa pindo, kwa sauti.